Tonge la Bibi

Ukiwa na shughuli Bagamoyo mjini na hukumpata Bi Mwanaasha binti Ishaka akusimamie majiko, afadhali uisogeze tarehe. Pilau lake halikuwahi kuungua wala kuwa bokoboko, na wanawake wa Magomeni ya hapohapo walimtania kwamba hata mawe akiyatia nazi yatalika. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya amri na macho mekundu ya moshi, na hakukubali kabisa mgeni aondoke kwenye shughuli yake akiwa na mkono mkavu. Mtu wa namna hiyo ungedhani hakuna mlo wa kumshinda. Ulimshinda mmoja tu, tena mdogo: chakula cha mchana nyumbani kwake mwenyewe, kwa sababu mjukuu wake Mina alikuwa hataki kula naye.

Na siku zilikuwa zimekwisha. Dija, mama yake Mina, sasa alikuwa na vyumba vyake viwili Bunju na kazi ya kueleweka, na Jumapili alikuwa anakuja kumchukua binti yake moja kwa moja akasome huko. Bi Mwanaasha hakupinga, maana mtoto ni wa mama yake. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mola, na aliliomba kila baada ya swala: kabla mtoto hajaondoka, wakae kwenye sinia moja, wale pamoja kama watu. Mara moja tu ingemtosha.

Jambo lenyewe halikuanza na Mina. Lilianza Kiwangwa, Bi Mwanaasha akiwa mke mchanga wa Mwinyimvua, na mtoto wao wa kwanza, Haji, akiwa bado ananyonya. Mwaka huo jua liliwaka mpaka mihogo ikakauka ardhini na mananasi yakatoka madogo, machungu, hayana mnunuzi. Haji akaanza kupungua. Miguu ikawa vijiti, tumbo likatangulia mbele, nywele zikageuka rangi. Mtu mwenye akili angesema njaa. Lakini wanawake wa kisimani hawakusema njaa, maana njaa ilikuwa ya wote na haina utamu wa kuisemea. Walisema mtoto kabemendwa. Kwamba baba na mama hawakuweza kuvumilia mpaka aache kunyonya, wakarudiana mapema, na madhara yamemwingia yeye. Mwanaasha alikuwa akifika na ndoo yake, sauti zinashuka. Haji alifariki kabla mvua haijarudi. Wenzake walioondokewa na watoto walipewa pole. Yeye alipewa pole na jicho la pembeni.

Wakahamia mjini. Mwinyimvua akawa mshonaji wa makuti ya kuezekea, yeye akajifunza kupika shughuli kwa kuanzia kumenya vitunguu. Dija akazaliwa, akakua, mwembamba lakini mkakamavu, akaenda Dar kutafuta maisha. Akarudi siku moja amembeba Mina mgongoni. Baba wa mtoto alikuwa hajulikani alipo, na Dija hakutaka kuulizwa. Mtoto alikuwa ametoka kukohoa muda mrefu, shingo imekuwa nyembamba, kichwa kikubwa.

Jirani yao Saida alikuja kumwona mgeni. Akaitazama ile miguu, akasogeza mdomo karibu na sikio la Bi Mwanaasha. "Huyu mtoto vipi, shoga yangu?"

Hakusema zaidi ya hapo, na pengine hakuwa na maana mbaya. Lakini Bi Mwanaasha alisikia kisima kizima cha Kiwangwa ndani ya swali lile. Dija alipoondoka kurudi kazini na kumwacha mtoto, bibi aliapa kwamba mjukuu huyu hatanong'onwa na mtu.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumtoa Mina kwenye sinia.

Nyumbani kwao, kama nyumba nyingi za hapo, chakula kilipakuliwa kwenye sinia moja, mkeka chini, mikono ikaoshwa, kila mtu akala cha mbele yake. Nyama au samaki haviguswi mpaka mkubwa avigawe. Mtoto anajifunza humo bila kufundishwa: anaona mkono wa babu unapunguza mwendo, anaona mama amelamba vidole na kusema alhamdulillahi, na yeye tumbo lake linajua kuwa watu wanamaliza. Bi Mwanaasha alikulia humo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sinia lilikuwa linamfundisha kitu, na kwa hiyo hakuona kwamba anaondoa kitu.

"Mama Dija," Mwinyimvua alimwambia, "mtoto hula na watu."

"Akila na watu anaonewa. Kidole chake hiki kitashindana na kiganja chako?"

"Mimi simnyang'anyi mtoto."

"Hujijui ukila."

Mzee akacheka, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza mapema, na huo nao ulikuwa upungufu wake. Mina akanunuliwa sahani yake mwenyewe, ya maua mekundu, na sahani hiyo ilijazwa kama ya mchimba kisima. Mtoto alikula robo yake akasukuma pembeni.

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba nini? Bado hujala." Bi Mwanaasha aliukusanya wali kwa vidole, akaufinyanga tonge dogo, laini, la kuvutia. "Hili la mama. Haya, fungua. Hili la babu. Na hili la bibi. Tonge la bibi halikataliwi."

Mtoto akafungua kinywa. Mwisho kabisa akaambiwa akombe sahani, kwa kuwa mtu hajui baraka ya chakula iko kwenye punje ipi. Ni kweli wazee husema hivyo, lakini waliosema hivyo walikuwa wanakomba sinia la watu sita. Kwa kadiri alivyozoea, Mina aliacha kusema ameshiba, maana lile neno lilikuwa halimfikishi popote.

Kulikuwa na khanga pia. Kila Dija alipokuja na kuondoka, Mina alilia kilio cha kukata maini, akaikimbilia barabara, akashikwa. Bi Mwanaasha hakuweza kukistahimili kile kilio. Alifunga kashata kwenye pindo la khanga yake tangu asubuhi, akijua saa itafika, na bajaji ikikata kona anafungua fundo na kumtia mtoto kashata mdomoni. Kilio kinakatika kama redio iliyozimwa. Siku za homa, kashata. Akianguka, kashata. Dija naye, kwa kuona haya ya kuwa mbali, alikuja na mifuko ya biskuti na soda, akirudi anaacha nyingine juu ya kabati. Kila mtu katika nyumba ile alimpenda Mina kupitia mdomoni.

Na Mina akanawiri. Mashavu yakajaa, mikono ikafanya mikunjo, akawa anang'aa. Saida yuleyule akasimama mlangoni akapiga kofi la mshangao: "Mashaallah! Bi Mwanaasha, kweli una mkono. Huyu si yule!" Kwenye shughuli wanawake walimpokezana mapajani, wakamfinya mashavu, wakamtilia finyango za ziada. Bi Mwanaasha alijiona amemjibu kila mwanamke wa kisimani, hata wale walioko kaburini. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa furaha ya namna hiyo. Ilikuwa furaha ya kweli, na ilikuwa inamharibia mtoto.

Mina alipofika darasa la nne, sifa zikageuka dhihaka, na hakuna aliyemwonya kwamba zingegeuka. Mwili uleule ulioitwa umenawiri ukaitwa Bonge. Wenzake wakicheza rede yeye anashika viatu vyao. Akipanda ngazi za shule anasimama katikati kutweta. Usiku alikoroma, asubuhi aliamka amechoka. Mwinyimvua ndiye aliyesema waende kituo cha afya.

Nesi mmoja kijana, Vaileth, aliwapokea kwa adabu. Alimpima mtoto, akamwacha atoke nje, ndipo akazungumza. "Shikamoo tena, bibi. Mjukuu wako uzito wake umezidi sana umri wake, na sukari inaanza kupanda. Lakini haijafika pabaya. Msimnyime chakula na msimlazimishe. Soda na biskuti zisikae nyumbani. Mle wote pamoja, chakula kimoja, na akisema ameshiba, mwache. Na tafadhali, msimseme mwili wake."

Maneno yalikuwa mengi na yote yalikuwa ya maana. Bi Mwanaasha alisikia mawili tu: umezidi sana. Alitoka pale masikio yanawaka. Kwa mara ya pili katika maisha yake mwili wa mtoto ulikuwa unamshitaki.

Akafanya alivyozoea kufanya, akakimbilia upande wa pili kwa nguvu zilezile. Kabati likafungwa kufuli, ufunguo ukahamia kwenye lile pindo la khanga lililokuwa la kashata. Sahani ya maua mekundu ikawa inapata vijiko viwili vya wali na majani, huku babu na bibi wanakula kwenye sinia. Mtoto aliyefundishwa miaka yote kwamba sahani tupu ni mapenzi, sasa alikombeshwa kidogo na kukodolewa macho. Siku ya kufagia, Bi Mwanaasha alikuta chini ya godoro maganda ya biskuti na kipande cha andazi kilichokauka. Alimpiga. Alikuwa hajawahi kumpiga kabla ya hapo.

Kisha ikaja harusi ya binti wa Saida. Bi Mwanaasha aliamka kabla ya adhana, akashinda jikoni na masufuria yake hadi alasiri, hajatia kitu tumboni isipokuwa chai ya rangi. Mwisho masinia yakatoka, wanawake wakakaa duara duara, na yeye akaketi kwenye duara la Saida na Mina pembeni yake. Nyama ilikuwa bado haijagawiwa. Mina akanyoosha mkono katikati ya sinia, akashika finyango nono.

"Mina! Toa mkono! Mwili wote huo bado haujaridhika?"

Alikuwa na ile sauti ya kuamrisha majiko kumi, na ilisikika mpaka kwenye duara la mwisho. Wanawake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka harusini, na mmoja akasema, "Mwache Bonge letu bwana!" Mina akairudisha ile nyama. Akapangusa vidole kwenye gauni lake jipya, akainuka, akaenda kukaa nje kwenye baraza peke yake mpaka shughuli ikaisha.

Asubuhi yake Saida alikuja kurudisha miiko. Hakukaa. "Shoga yangu, jana nilicheka na sikulala vizuri," alisema. "Yule mtoto alikuwa hajichukulii. Alininong'oneza kabla, 'Bibi hajala tangu asubuhi, nataka nimmegee kabla hazijaisha.' Alikuwa anakuwekea wewe."

Bi Mwanaasha alibaki ameishika miiko. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alijua hivyo, lakini alijaribu kuyazoa kwa njia pekee aliyoijua. Kwao mtu mzima hamwombi radhi mtoto. Hakuwahi kuombwa na hakujua maneno yake. Akaingia jikoni akakaanga sambusa, akaziweka mbele ya Mina kwenye sahani ya maua mekundu, akasimama. Mina akaziangalia.

"Nimeshiba, bibi."

Tangu siku hiyo likawa ndilo neno lake. Asubuhi ameshiba, mchana ameshiba, jioni ameshiba. Neno ambalo bibi yake alikuwa amelikataa miaka yote mpaka mtoto akalisahau, sasa aliambiwa kila alipotandika mkeka, na hakuwa na namna ya kujua lini ni kweli. Alimwonea huruma mtoto, akajionea na hasira. Watu husema majuto ni mjukuu. Bi Mwanaasha alikuwa akiisikia methali hiyo maisha yake yote bila kuitilia maanani, sasa ikawa inamfanya anune kila aliposikia mtu akiitaja.

Alhamisi ya wiki ile ya mwisho alitoka uani kumwaga maji, akasikia sauti nyuma ya banda la makuti. Akasogea. Mwinyimvua alikuwa amekaa chini na Mina, kati yao jani la mgomba, juu yake mihogo ya kuchoma na chumvi yenye pilipili. Walikuwa wanakula kwa kupokezana. Babu anachukua kipande, anakitafuna taratibu kwa magego yake machache, anaeleza jinsi nguruwe pori walivyowahi kumfukuza Kiwangwa akiwa kijana akaacha msuli wake kichakani. Mina anacheka mpaka anashika ubavu. Bi Mwanaasha alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu kabla ya harusi.

Kisha Mina akapangusa mikono. Vipande vilikuwa bado vipo, vizuri, vinatoa mvuke.

"Nimeshiba, babu."

"Haya, mjukuu wangu," mzee akasema, akaendelea na nguruwe wake.

Hakuna zaidi. Mtoto alikula, akashiba, akasema, akaaminiwa. Bi Mwanaasha alirudi nyuma polepole, ndoo mkononi, maji hajayamwaga. Alikuwa amedhani tumbo la mtoto limeharibika, halijui mwisho wake. Kumbe lilikuwa linajua. Lilikuwa limekosa tu mtu wa kulisikiliza, na mtu huyo alipaswa kuwa yeye. Akakaa kwenye kigoda jikoni akalia kwa sauti ndogo, huku mboga ikiungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jumapili Dija alifika mapema. Bi Mwanaasha alipika wali wa nazi, changu wa kupaka na mchicha. Ufunguo wa kabati aliuacha mlangoni mwa kabati, na sahani ya maua mekundu hakuitoa. Akatandika mkeka, akaweka sinia, akaenda hadi mlango wa chumba.

"Mina, njoo tule. Ukitaka."

Lile "ukitaka" lilimtoka kwa shida. Mina alimtazama mama yake, akamtazama babu aliyekwisha kunawa, akaja. Akakaa upande wa babu, mbali na bibi. Wakala. Dija alizungumza habari za Bunju, mzee akagawa samaki, na Bi Mwanaasha hakuinua macho kwa kuogopa macho yake yasije yakahesabiwa kuwa ni kusema. Mina alikula kidogo, polepole, cha mbele yake. Halafu mkono wake ukasimama.

"Nimeshiba."

Bi Mwanaasha aliona kwamba vidole vyake vyenyewe vilikuwa tayari vimefinyanga tonge. Dogo, laini, la kuvutia. Hakukumbuka kulianza. Mina naye alikuwa ameliona. Alikuwa amekaza mabega, anangoja, kama mtu anayengoja sindano.

"Haya, mjukuu wangu," bibi akasema. "Sema alhamdulillahi, ukanawe."

Mina hakuinuka mara moja. Alingoja kidogo neno la pili lije, na lilipokuwa haliji, akasema alhamdulillahi, akaenda kunawa. Bi Mwanaasha akalitia lile tonge kinywani mwake mwenyewe. Alilitafuna muda mrefu.

Bajaji ya kuwapeleka stendi ilipopiga honi, alikuwa jikoni akifunga kifurushi. Vitumbua, kashata za nazi, chupa ya juisi ya ukwaju. Kitambaa kilikuwa kimeshapigwa fundo la kwanza. Hapo ndipo mikono ilipomsimama. Alifungua fundo, akavirudisha vitumbua kwenye sufuria kimoja kimoja, akatazama huku na huku jikoni mle akitafuta kitu kingine cha kumpa mtoto anayeondoka. Alikuwa amelea mtoto na mjukuu, amelisha nusu ya Bagamoyo, na hakuona kitu. Akatoka mikono mitupu.

Mina alikuwa kashakaa ndani ya bajaji, begi mapajani. Alimwangalia bibi yake mikononi, kisha kwenye pindo la khanga.

"Bibi, leo hukunifungia kitu?"

Bi Mwanaasha hakujua kama mtoto anauliza kwa nafuu au kwa masikitiko. Angetoa chochote kujua, na kosa lilikuwa lake kwamba hakujua. "Leo sikukufungia, mwanangu."

Uso wa Mina ukakunjika. Akaanza kulia, kilio kilekile cha utotoni, cha kukata maini, ambacho hakikuwahi kuruhusiwa kufika mwisho. Mkono wa Bi Mwanaasha ulikwenda wenyewe kwenye pindo la khanga, ukalipapasa, ukakuta nguo tupu. Dija alisema, "Mama, mnyamazishe, tunachelewa."

"Mwache," alisema Bi Mwanaasha. Aliinama ndani ya bajaji, akamkumbatia mtoto mzima mzima, mwili ule wote aliousimanga mbele ya watu. "Lia, mjukuu wangu. Lia mpaka kiishe."

Dereva akazima injini, akangoja.